Namna ya Kutafuta na Kuhesabu Mimea Adimu katika Visiwa vya Lamu

Kazi inayoelezwa hapa inajibu swali moja: mmea huu bado upo kisiwani, na umebaki kiasi gani? Linaonekana swali jepesi hadi uanze kulijibu. Wengi wanaopita Manda, Pate au Kiwayu huandika orodha ya walivyoviona, wakapiga picha, wakaondoka. Orodha hiyo ina faida yake, lakini baada ya miaka kumi haiwezi kukuambia kama mti umepungua, kwa sababu haisemi walipita wapi, walitafuta kwa muda gani, na wapi walitafuta wakakosa. Nashikilia kwamba ukurasa ulioandikwa "tumetafuta hapa, hatukuona" ni sawa kwa thamani na ukurasa wa "tumeona". Mwongozo huu wote umejengwa juu ya jambo hilo.

Lamu inastahili kazi hii. Hapa ndipo mimea ya misitu ya pwani, ule ukanda mwembamba unaotoka kusini mwa Somalia hadi Msumbiji, inapokutana na vichaka vikavu vya upande wa kaskazini. Katika kisiwa kimoja utapita kwenye mikoko, uingie kwenye mikoma, upande maweni yenye mibuyu, kisha ushuke upande wa bahari kuu kwenye mchanga mtupu ulioshikwa na mimea inayotambaa. Mahali pa namna hiyo ndipo mimea adimu hujificha. Bara, ndani ya Kaunti hii hii ya Lamu, kuna mti unaoitwa kitaalamu Euphorbia tanaensis ambao porini unajulikana kutoka eneo la Witu pekee, nao umewekwa katika daraja la juu kabisa la hatari ya kutoweka. Visiwani hakujatafutwa kwa bidii kama hiyo. Na ardhi inabadilika: gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa Mei 2021, mawe ya kujengea yanachimbwa Manda, viwanja vinauzwa, na mwarobaini, mti wa kigeni tuliouzoea hadi tukausahau kuwa mgeni, unaenea wenyewe kila panapofyekwa.

1. Soma waliotangulia waliandika nini

Kabla ya kutafuta mashua, jua unachokwenda kutafuta. Kitabu kikuu cha mimea ya Afrika Mashariki, Flora of Tropical East Africa, kilianza kuchapishwa 1952 na kukamilika 2012, kikiwa na aina 12,104 za mimea ya porini. Ni mkusanyiko wa vitabu vingi, si kimoja, na kila aina imeandikiwa maeneo ilikowahi kuchukuliwa. Kenya imegawanywa humo katika kanda saba, na ukiona K7 ujue ni pwani. Pitia aina za K7 uone zipi zimetajwa Lamu, Manda, Pate, Kiwayu, Kiunga au Witu. Zile zenye sampuli moja au mbili tu, na za zamani, zitie kwenye orodha yako ya kutafutwa.

Kisha ingia kwenye GBIF, hifadhidata ya kimataifa ya rekodi za viumbe, ambayo ni ya bure, uchore mraba kuzunguka visiwa, utazame rekodi zilizomo. Kuwa mwangalifu na rekodi za kale. Aliyeandika "Lamu" bila neno jingine huenda alikuwa kisiwani, huenda alikuwa Mokowe au Witu, kwa sababu wilaya nzima iliitwa hivyo. Rekodi kama hiyo inakupa dokezo la pa kuanzia, lakini haithibitishi kitu.

Tahadhari nyingine ni ya ramani. Ramani za zamani za serikali zimechorwa kwa vipimo vya Arc 1960, na simu yako inatumia WGS84. Ukihamisha nukta kutoka huku kwenda kule bila kugeuza, utakosea kwa karibu mita 300. Barani hilo ni usumbufu. Kwenye kisiwa chembamba kama Kiwayu, nukta inaweza kuangukia baharini.

2. Vibali, halafu idhini

Hivi ni vitu viwili. Vibali ni vya ofisini. Utafiti wowote nchini unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, hata kwa Mkenya. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa 1979, unahitaji ruhusa ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Mikoko yote ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, kwa hiyo kukata hata tawi moja la sampuli ni jambo la Huduma ya Misitu. Magofu ya Takwa, kisiwani Manda, yako chini ya Makumbusho ya Taifa. Anza mapema, miezi miwili au mitatu kabla. Julisha pia kituo cha polisi kuhusu safari zako za upande wa Kiunga na mpaka wa msitu wa Boni. Operesheni ya usalama imekuwa huko tangu 2015, na mtu anayezunguka vichakani na GPS na daftari ataulizwa maswali.

Idhini ni ya wenyeji, na hii haina fomu. Nenda kwa mzee wa kijiji na kamati ya wavuvi wa ufuo huo. Amkia vizuri, kaa, kunywa ulichopewa, eleza shughuli yako kwa ukamilifu: unatafuta nini, utachukua nini, na matokeo yatarudi vipi. Usifiche kwamba ardhi ni jambo nyeti. Watu wamewaona wapimaji wengi wakija na vifaa, na baada yao vikaja vigingi. Kama hukueleza, watadhani nawe ni hao, na watakuwa na haki ya kudhani hivyo.

Mshirika wako mkuu awe mtu anayeijua nchi hiyo kwa miguu: mkata boriti, mrina asali, mama anayechuma ukindu na majani ya mkoma, mchungaji wa mbuzi. Mlipe kwa siku kama fundi anavyolipwa, na jina lake liandikwe kwenye kila lebo ya sampuli mliyoipata pamoja, ikiwa mwenyewe ameridhia.

Namna ya kuuliza ina uzito. Ukimwonyesha mzee picha na kusema, "Babu, mti huu upo hapa, sivyo?" atakuitikia kwa adabu, kwa sababu mgeni hakatizwi. Anza mbali. Uliza, "Babu, zamani mlikuwa mkikata miti gani ya mipini?" au "Mama, kuna matunda ya porini mliyokuwa mkila utotoni ambayo sasa hamyaoni?" Mwache ataje mwenyewe. Kisha ndipo uulize, "Na huo kwenu mwauitaje? Mara ya mwisho uliuona wapi?" Andika jina kama alivyolitamka, na uandike kijiji, maana jina la Shela si lazima liwe jina la Kizingitini. Jina moja hubeba miti miwili, na mti mmoja hubeba majina matatu. Kwa sababu hiyo jina la kienyeji huambatana na sampuli au picha, haliandikwi peke yake.

3. Msimu na maji

Mmea usio na ua wala tunda mara nyingi hautambuliki kwa uhakika, kwa hiyo panga safari mbili kwa mwaka. Ya kwanza ni mwisho wa masika, mvua inapokatika, mimea midogo inapokuwa imetoa maua. Ya pili ni baada ya mvua za vuli kushika. Ukifanya moja tu, utakosa kabisa mimea ya aina fulani, nawe utaiandika kuwa haipo.

Bahari ndiyo itakayokuamulia mahali. Kusi likivuma Juni na Julai, fanya kazi za ndani: Manda upande wa mlango, Pate upande wa bara, mikoko ya Mkanda. Upande wa nje wa Kiwayu na visiwa vidogo vya Kiunga uachie kipindi cha matlai, bahari inapotulia kabla ya kaskazi kushika nguvu. Visiwa hivyo vidogo vina sababu nyingine ya kuachwa wakati wa kusi: membe na ndege wengine wa baharini hutaga juu yake katikati ya mwaka. Ukishuka, wazazi huruka, na mayai hayakai muda mrefu juani bila kuharibika. Hakuna mmea unaostahili gharama hiyo. Ukiona ndege wengi wanainuka kwa kelele mnapokaribia, mwambie nahodha ageuze.

Jua pia siku za mwezi. Kwenye bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kufika mita 3. Takwa unaifikia kwa mkono wa bahari ambao mashua hupita maji yakijaa tu, na ukichelewa utalala huko. Kinyume chake, ukitaka kutembea ukingo wa mikoko unataka kupwa kwa bamvua. Mweleze nahodha kazi yenyewe badala ya kumpa saa tu. Yeye ndiye anayejua mtaingia wapi na mtatokea wapi.

4. Vya kubeba

Daftari lenye jalada gumu na penseli, kwa sababu wino hutoka maji ya chumvi yakigusa. Futikamba ya mita 50, kamba, dira, simu yenye ramani zilizopakuliwa kabla, betri ya akiba. Lenzi ndogo ya kukuza mara 10, uifunge shingoni usije ukaipoteza. Mkasi wa kukatia matawi. Magazeti ya kutosha, vipande vya kadibodi, mbao mbili za kubania na mikanda miwili. Bahasha za karatasi za mbegu na majani. Silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu, kwenye chupa ya kioo. Ndani ya hifadhi za taifa plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku tangu Juni 2020, kwa hiyo zoea karatasi, chupa na ndoo.

Maji ya kunywa mbebe yenu. Kijiji chenye jabia moja la kuwekea maji ya mvua hakina ziada ya kuwapa wageni watano. Vaa mikono mirefu na viatu vilivyofunika mguu, kwa sababu maweni hukata na upupu hauchagui. Utomvu wa mnyaa na jamii yake ukiingia jichoni ni hatari, usijiguse uso kabla ya kunawa.

5. Gawa kisiwa kabla ya kukitembea

Tazama picha za setilaiti, uchore mipaka ya maeneo yanayotofautiana: mchanga wa ufuoni, vilima vya mchanga, maweni, kichaka cha ndani, ukingo wa mikoko pamoja na nyika ya chumvi nyuma yake, mashamba, na mahame. Kila eneo lipate sehemu yake ya muda wako. Usipogawa, miguu itakupeleka penye kivuli na njia, na njia ndipo mahali ambapo mbuzi, punda na panga vimepita kwanza.

Mahame na makaburi yape uzito wa pekee. Takwa palikaliwa na watu kati ya karne ya 15 na ya 17, kisha pakahamwa, na miti imekuwa ikijirudia humo tangu hapo. Kuna makaburi ya kale Manda na Pate ambako kwa heshima ya waliolala hapo hakuna anayekata. Utakuta miti minene ambayo nje ya ukuta imekwisha. Ingia kwa ruhusa ya wenyewe, vua viatu panapovuliwa, usikanyage kaburi, na usichukue hata jani. Picha na kipimo vinatosha.

Ukingo wa juu wa mikoko nao hupitwa na wengi kwa sababu si bahari wala si nchi kavu. Hapo maji hufika kwenye bamvua kubwa tu, na hapo ndipo kikandaa, Lumnitzera racemosa, hukaa. Ukitazama kutoka kwenye mashua utasema ni mkandaa, kwa kuwa kimo ni kimoja na majani ya vyote viwili ni madogo yenye ncha butu. Sogea. Shika tawi. Kama majani yametoka mawili mawili yakielekeana, na kwenye ncha ya tawi kuna chipukizi lililochongoka, huo ni mkandaa. Kama yanapishana, moja huku moja kule, manene ya maji, na ncha ya jani imebonyea kidogo katikati, umepata kikandaa. Tazama na matunda: ya mkandaa huota yakiwa bado mtini na kuning'inia kama vijiti, ya kikandaa hayafanyi hivyo. Fanya hivi kwa kila kundi la miti. Mkosaji katika hesabu za mikoko ni yule anayehesabu kwa mbali.

6. Kutafuta na kuhesabu

Kwenye kichaka na maweni, nyosheni mistari sambamba iliyoachana mita 10 na mtembee pamoja, kila mtu akitazama mita 5 kulia na 5 kushoto. Kichaka kikiwa kizito, punguzeni ziwe mita 5. Kila mstari uwe na mwanzo, mwisho, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na majina ya watazamaji. Washeni rekodi ya njia kwenye simu ili mistari ihifadhiwe yenyewe. Kwenye kisiwa kidogo sana, zungukeni ukingo wote kwanza, kisha mkate katikati.

Mkiona mmea mnaoutafuta, simameni hapo. Msikimbilie wa pili. Andikeni nukta yake, pamoja na kosa la GPS linaloonyeshwa, ambalo mahali pa wazi huwa mita 5 hivi na chini ya majani huzidi. Kisha hesabuni waliopo kwa makundi matatu: wakubwa wenye ua, tunda au dalili ya kuwahi kuzaa, wachanga, na miche. Mgawanyo huu ndio moyo wa kazi. Miti ishirini mikubwa bila mche hata mmoja ni habari mbaya kuliko miti minane yenye miche mia. Ishirini ile inazeeka bila kuzaa, na kuna kinachokula au kukausha watoto wake. Tazameni ni nini: alama za meno, kinyesi cha mbuzi, mizizi iliyofichuliwa na upepo, kivuli cha mwarobaini.

Makundi hayo yana kazi nyingine. Vigezo vya kimataifa vya kupima hatari ya kutoweka huhesabu wakubwa peke yao: aina ikiwa na chini ya 50 duniani kote huwekwa daraja la hatari kubwa kabisa, chini ya 250 daraja linalofuata, chini ya 1,000 la tatu. Ukichanganya miche na wakubwa, tarakimu yako haitumiki.

Sasa jambo ambalo wengi hawalifanyi. Hata mtazamaji hodari hupitwa. Kwa hiyo chagueni sehemu chache, watu wawili wazipitie kwa nyakati tofauti bila kuambiana, kila mmoja akiweka alama za alichokiona kwenye ramani yake. Tuseme wa kwanza ameona mimea 18, wa pili 15, na mkilinganisha ramani mnakuta 12 imeonwa na wote wawili. Zidisha 18 kwa 15, gawa kwa 12: inakuja 22 na nusu. Mmoja angesema 18, mwingine 15, kumbe huenda ni 22 au 23. Hesabu hii inakuonyesha ni sehemu gani ya mimea inawapita, nayo inalipa nguvu neno "hatukuona". Ikiwa kwa kawaida mnapitwa na mmoja katika watano, na mmepita mahali mara mbili bila kuona kitu, mna haki ya kusema kwamba huenda haupo. Mkiwa mmepita mara moja kwa haraka, hamna haki hiyo.

Kwa mimea midogo ya mchangani msihesabu mmoja mmoja. Tupeni mraba wa mita 1 kwa 1 kila baada ya mita 10 kwenye mstari unaotoka mstari wa maji hadi mgongo wa kilima cha mchanga, mwandike aina zilizomo na sehemu ya mraba iliyofunikwa. Kwenye vilima vya Shela tembeeni kwa uangalifu. Mchanga ule ndio unaochuja maji ya mvua yanayonyweka mjini, na mimea ndiyo inayoushika. Pita njia moja, rudi njia ile ile.

7. Kuutambua mmea ukiwa mbele yako

Usitegemee programu ya simu peke yake. Imefundishwa kwa picha za mahali pengi, na mimea yetu ya K7 haimo kwa wingi. Itakupa jina la jamaa yake wa mbali kwa uhakika wote. Anza na jamii kwanza, na jamii unaijua kwa macho, vidole na pua.

Katika kichaka cha nchi kavu, ukikuta majani yanayoelekeana, na kati ya vikonyo viwili, juu ya kijiti chenyewe, kuna kijani kidogo cha pembetatu kinachoziba mwanya, fikiria jamii ya mbuni. Pwani ina aina nyingi za jamii hiyo na baadhi ni adimu sana, kwa hiyo usizipuuze eti "ni vichaka tu". Inua jani juu ukitazama jua: likiwa na vitone vinavyopitisha mwanga, na ukilifikicha linanukia limau, ni jamii ya mchungwa. Vunja kikonyo: utomvu mweupe unakuelekeza kwa mnyaa, kwa mtini au hata kwa mgama, hivyo utahitaji alama nyingine. Jani ambalo upande wa chini lina rangi ya fedha na ule wa juu kijani kizito, ukiwa kwenye mikoko, linaweza kuwa la msikundazi, mti ambao hapa Kenya ni nadra na hupatikana zaidi delta ya Tana. Ukiuona visiwani, rekodi kila kitu.

Picha ziwe tano kwa kila mmea: mmea mzima mahali pake, tawi lenye majani juu na chini, ua kwa karibu kutoka mbele na ubavuni, tunda, na gome. Weka futikamba kwenye picha. Ua lililopigwa kutoka juu tu limewanyima wataalamu wengi jibu.

8. Sampuli: lini, na namna gani

Picha haitoshi kuthibitisha aina adimu. Hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ya Makumbusho ya Taifa kule Nairobi, yenye sampuli karibu milioni moja, hulinganisha mmea mkavu na mmea mkavu. Lakini usiue unachotaka kukihifadhi. Kanuni ninayoishika ni hii: sampuli moja ikiwa mimea ishirini au zaidi ipo. Chini ya hapo, chukua tawi dogo la mti mkubwa, usiung'oe mmea. Ikiwa ni miwili au mitatu, picha, vipimo, na jani moja kwenye silika jeli vinatosha.

Tawi liwe na ua au tunda, likae kwenye karatasi ya sentimita 42 kwa 28. Pinda, usikate kilele. Geuza jani moja au mawili ili upande wa chini uonekane. Kwenye gazeti andika namba yako, namba hiyo hiyo iliyo kwenye daftari, isiyorudiwa maisha yako yote. Andika mara moja yale yatakayopotea: rangi ya ua, harufu, utomvu, kimo cha mmea. Tarehe na mahali utakumbuka, lakini rangi ya ua kavu hakuna anayeijua.

Joto lenye unyevu la visiwani ni adui. Mmea uliobanwa asubuhi Mtangawanda, kisiwani Pate, unaweza kuota ukungu kesho kutwa. Badilisha magazeti kila siku kwa siku tano za mwanzo, weka kadibodi katikati ili hewa ipite, na ning'iniza kibanio penye upepo, chini ya kivuli. Ukiwa safarini bila nafasi ya kukausha, tumia njia ya mtaalamu wa Kijerumani wa karne ya 19, Georg Schweinfurth: funga sampuli ndani ya magazeti yake, zilowe spiriti, uzitie kwenye ndoo inayofunga barabara, uzikaushe ukifika mjini. Zinapoteza rangi, lakini hazioti ukungu wala kudondosha majani. Jani la kupima vinasaba liwe limeshatolewa na kuwekwa kwenye silika kabla, maana spiriti huharibu kipimo hicho. Na waeleze wenyeji wako ndani ya ndoo mna nini na ni ya kazi gani, mtu asije akakudhania vingine.

9. Kuandika, kuficha, kurudisha

Jioni ile ile, kabla ya kulala, hamisha daftari kwenye jedwali. Andika latitudo na longitudo kwa desimali, na usisahau alama ya kutoa. Lamu iko kusini ya ikweta, -2.27 na 40.90. Ukiiacha alama hiyo, kisiwa kinahamia kusini mwa Elwak karibu na mpaka wa Somalia, na kuna rekodi nyingi duniani zilizopotea kwa njia hiyo. Mistari mitupu iingie pia: nukta ya mwanzo, ya mwisho, dakika, watu, aina iliyotafutwa, sifuri.

Si kila nukta ya kutangazwa. Okidi, subili na mimea ya kupamba bustani huibwa na wauzaji, na tangazo lako linaweza kuwa ramani yao. Ukiweka picha kwenye iNaturalist, tovuti ya watu kurekodi viumbe walivyoviona, chagua kuficha mahali. Nukta itaonekana mahali popote ndani ya mraba wa takriban kilomita 22 kila upande, wakati nukta halisi inabaki kwako na kwa wahifadhi. Hakikisha pia picha yenyewe haina minara wala magofu yanayotambulika nyuma yake.

Sampuli zende Nairobi pamoja na lebo zilizochapwa. Nakala, ikiwa mmea unaruhusu, iende kituo cha utafiti wa misitu cha Gede, ambako mtu wa Malindi au Lamu anaweza kwenda kuitazama bila nauli ya Nairobi. Jibu la utambuzi linaweza kuchukua miezi. Likija, rekebisha jedwali lakini usilifute jina la kwanza ulilodhani, liandike pembeni na tarehe.

Kijijini rudi na karatasi mbili. Moja ya shule, yenye picha, jina la kienyeji kama lilivyotamkwa hapo, jina la kitaalamu, na ramani isiyoonyesha nukta za mimea inayoibwa. Ya pili, yenye nukta kamili, mkabidhi mtu ambaye wazee wamemchagua, na mkubaliane naye nani ataiona. Juu ya hiyo ya pili weka tarehe ya kuhesabu tena, mwezi ule ule, miaka mitano mbele, pamoja na mistari ile ile na urefu wake, ili atakayekuja, awe wewe au mwingine, aanzie palepale ulipofunga kamba yako.